Kusoma kwa Kuuliza: Historia ya Maarifa ya Jamii katika Shule za Sekondari

Kusoma ni kazi mbili, si moja. Kazi ya kwanza ni kuyatambua maandishi na kuyatamka. Kazi ya pili ni kuyapima. Kijana aliyefundishwa ya kwanza bila ya pili ni kama mtu aliyepewa ufunguo asiambiwe ni wa mlango gani. Katika masomo yote ya shule ya sekondari, lile liitwalo maarifa ya jamii, yaani historia, jiografia, uraia na uchumi vikitazamwa kwa pamoja, ndilo limhitajilo zaidi msomaji wa namna ya pili. Hesabu huweza kujaribiwa papo hapo, na habari za mimea huweza kutazamwa shambani. Lakini habari za watu wa kale hutufikia kwa vinywa na kalamu za watu wengine, na watu husema kweli, husahau, hukosea, na pengine hudanganya kwa makusudi.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba swali la jinsi ya kumfundisha kijana kusoma habari za jamii si jipya, wala si la walimu peke yao. Lina historia yake, na historia hiyo ilianza mbali na kwetu ikafika pwani na bara ya Afrika ya Mashariki mwaka 1924. Ndani yake kulikuwa na ugomvi mmoja mkubwa: je, kijana afundishwe kusoma ili aipokee hali yake, au afundishwe kusoma ili aihoji?

Jina lenyewe la somo hili lilipata umaarufu katika Hampton, chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 katika jimbo la Virginia, Marekani, kwa ajili ya watu weusi waliokuwa wametoka utumwani miaka michache tu nyuma. Mwanzilishi wake alikuwa Samuel Chapman Armstrong, aliyekuwa jemadari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baadaye chuo kilipokea pia vijana wa Wenyeji wa Asili wa Marekani. Huko, kati ya mwaka 1902 na 1909, alifundisha Thomas Jesse Jones, mtu aliyezaliwa Wales mwaka 1873, akahamia Marekani akiwa mtoto, akasomea elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia. Jones aliandika makala katika gazeti la chuo kueleza utaratibu wake wa kufundisha, na utaratibu huo akauita kwa jina hili la maarifa ya jamii.

Yatupasa kumtendea haki. Katika utaratibu wake kulikuwa na jambo jema: alitaka somo litoke katika maisha ya mwanafunzi mwenyewe, nyumba yake, mapato yake, afya yake, serikali ya mji wake, badala ya kukaririshwa orodha ya wafalme na vita. Lakini jambo hilo jema lilijengwa juu ya msingi mbovu. Jones aliamini kwamba watu weusi na Wenyeji wa Asili walikuwa wamesimama katika ngazi ya chini ya maendeleo ya jamii, na kwamba ngazi haziwezi kurukwa. Kwa hiyo somo lilikuwa la kuwafahamisha mahali walipo na kuwataka wawe na subira. Mwanafunzi alisoma habari za serikali katika jimbo ambalo katiba yake mpya ya mwaka 1902 ilikuwa imewanyang'anya baba zake kura, na swali la kwa nini wamenyang'anywa halikuwa kiini cha somo.

Mwaka 1916 kamati ya taifa, ambayo Jones alikuwa mwenyekiti wake, ilitoa taarifa juu ya maarifa ya jamii katika elimu ya sekondari, ikachapwa na Idara ya Elimu ya Marekani. Taarifa hiyo ndiyo iliyolipa somo hili nafasi yake katika shule za sekondari za nchi ile. Ilipendekeza uraia wa mitaani kwa vijana wadogo, na kwa wale wa mwaka wa mwisho somo la matatizo ya demokrasia. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Harvey Robinson, mwanahistoria aliyetaka historia iache kuwa habari za wakubwa tu na imsaidie mtu kuufahamu wakati wake. Basi mito miwili ilikutana katika taarifa moja: mto wa Hampton, uliotaka kijana ajirekebishe alingane na jamii, na mto wa Robinson, uliotaka ayaelewe mambo mpaka kwenye asili yake. Wataalamu wa Marekani wangali wakibishana ni upi uliokuwa na nguvu zaidi.

Mwaka uliofuata Jones alitoa majuzuu mawili juu ya shule za watu weusi wa Marekani. W. E. B. Du Bois, mwanahistoria mweusi aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1895, aliyapinga vikali katika gazeti la Crisis mwaka 1918. Hakukana kwamba shule nyingi zilikuwa dhaifu, wala hakudharau kazi za mikono. Alichokataa ni mtu mmoja kuamua, kwa niaba ya wengine, kwamba elimu ya juu haiwafai, na elimu yao yote kuwekwa chini ya uongozi ambao wenyewe hawakuwa na sauti ndani yake.

Hapa ndipo habari hii iingiapo kwetu. Jones alikuwa amekwisha kuwa mtumishi wa Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York, na kwa fedha za mfuko huo aliongoza tume mbili za kuchungua elimu katika Afrika. Ya kwanza, ya mwaka 1920 na 1921, ilizunguka Afrika ya Magharibi, Kongo, Angola na Afrika ya Kusini. Ya pili, ya mwaka 1924, ilifika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, pamoja na nchi nyingine za jirani, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1925. Katika tume zote mbili alikuwamo James Emman Kwegyir Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyekuwa amesoma na kufundisha Marekani tangu mwaka 1898. Vijana wengi waliomsikia walimwona kuwa ushahidi uendao kwa miguu: Mwafrika aliyesoma hata akaketi sawasawa na wazungu katika tume. Basi tume iliyoshauri elimu ya kijiji na jembe ilikuwa na mjumbe ambaye maisha yake yalisema jambo lingine.

Mashauri ya tume hayakubaki karatasini. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa siasa ya elimu kwa nchi zake za Afrika, nao ulifuata kwa sehemu kubwa fikira za kulinganisha elimu na mazingira ya Mwafrika. Mwaka huo huo ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, karibu na Nairobi, ya kuwafundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Jina lake lilitokana na Anna T. Jeanes, mwanamke wa Philadelphia ambaye mali yake ililipia walimu wa namna hiyo katika mashamba ya kusini mwa Marekani; na mkuu wake wa kwanza, James Dougall, alikuwa katibu wa tume ya mwaka 1924. Hivyo mbegu ya Virginia ilipandwa Kabete.

Waafrika wengi waliitazama mbegu hiyo kwa mashaka, si kwa kuwa walichukia kulima, bali kwa kuwa waliona wazi kwamba mtoto wa mzungu hakulinganishiwa elimu kwa namna hiyo. Walitaka vitabu vile vile, mitihani ile ile na lugha ile ile. Na walipovipata, katika shule chache za sekondari kama ile ya Tabora au Alliance High School ya Kikuyu, walikuta upungufu wa namna nyingine. Vitabu vya historia vilikuwa vya Uingereza na dola yake, na kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuyashika yaliyoandikwa na kuyarudisha siku ya mtihani. Katika njia ya kwanza kijana alisoma habari za kijiji chake bila kuuliza ni nani aliyeamua kwamba mwisho wake ni kijijini; katika ya pili alisoma habari za ulimwengu bila kuuliza ni nani aliyeziandika. Njia zilitofautiana, lakini zote mbili zilimnyima kitu kimoja, nacho ni swali.

Thamani ya swali hilo ilionekana dhahiri huko huko kusini mwa Marekani. Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 ilimtaka mtu anayetaka kura aweze kusoma kifungu chochote cha katiba, au akisomewa aweze kukieleza. Mwaka 1954 sharti hilo likazidishwa uzito: asome, aandike, na atoe maelezo yatakayomridhisha mwandikishaji. Mwandikishaji alikuwa mzungu, na alichagua mwenyewe kifungu cha kumpa kila mtu. Mtu mweusi mwenye elimu aliweza kushindwa, na mzungu asiyejua vema kusoma akafaulu. Kabla ya mwaka 1965, katika kila watu weusi 100 wa jimbo hilo waliostahili kupiga kura, walioandikishwa hawakufika 10. Kusoma, ambako kwingine ni mlango, hapo kuligeuzwa kuwa ukuta.

Watu hawakukaa kimya. Mwezi wa Januari mwaka 1957, katika kisiwa cha Johns Island, South Carolina, Septima Clark na Bernice Robinson walianzisha darasa la watu wazima nyuma ya duka la ushirika. Robinson hakuwa mwalimu kwa kazi yake, bali msusi; na darasa lilisoma yale ambayo wanafunzi wenyewe walisema wanayahitaji: fomu za kuandikishwa, hati za kutuma fedha, na vifungu vya katiba. Kisha katika kiangazi cha mwaka 1964 zikafunguliwa huko Mississippi shule zilizoitwa Shule za Uhuru, kwa shauri lililotolewa mwaka 1963 na Charles Cobb, kijana wa chuo kikuu. Mkurugenzi wake alikuwa Staughton Lynd, mwanahistoria. Zilikuwa kama 40, zikapata wanafunzi zaidi ya 2,000, wengi wao vijana wa umri wa sekondari, nao walikutana makanisani, barazani na chini ya miti. Hatari haikuwa ya maneno. Tarehe 21 Juni mwaka huo vijana watatu wa harakati hiyo, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa, na makanisa mengi yalichomwa moto.

Walimu wa Shule za Uhuru walishauriwa wasianze na majibu. Somo la uraia lilipangwa kwa maswali. Mwanafunzi alitazama nyumba za watu weusi na za wazungu, shule zao na kazi zao, akalinganisha, akauliza sababu. Alisoma historia ya watu wake ambayo vitabu vya jimbo viliiacha. Kisha akaandika, na shule nyingi zikatoa magazeti yao wenyewe. Tazama jinsi lilivyofanana na lile la Hampton! Lilianza nalo katika maisha ya mwanafunzi, nyumba yake na serikali ya mji wake. Lakini Hampton mwanafunzi aliambiwa hali yake ni ngazi, na Mississippi alialikwa kuuliza ni nani aliyeiweka ngazi pale. Mwaka 1965 sheria ya haki ya kura ilisimamisha mitihani ya kusoma katika majimbo yale, na mwaka 1975 mitihani hiyo ikapigwa marufuku kabisa nchini kote.

Huku kwetu, Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi mwaka 1967, alitaka shule iungane na kijiji na shamba. Mtu asomaye kwa haraka aweza kusema kwamba huko ni kurudia mashauri ya Jones. Lakini Nyerere aliitaka shule imjenge kijana mwenye moyo wa kuchungua, awezaye kujifunza kwa wengine na kukubali au kukataa kwa hoja yake mwenyewe. Sharti hilo ndilo litofautishalo mambo mawili yafananayo kwa sura. Kama tumelitimiza sawasawa tangu wakati huo ni jambo ambalo kila mwalimu aweza kulijibu kwa kutazama daftari za wanafunzi wake.

Sasa yatupasa kuuliza: moyo wa kuchungua hufundishwaje? Mwaka 1991 Sam Wineburg alichapisha utafiti ambao umewasaidia walimu wengi. Aliwapa wanahistoria 8 na wanafunzi 8 wa sekondari hati zile zile juu ya mapigano ya Lexington ya tarehe 19 Aprili 1775, akawataka waseme kwa sauti yale waliyoyafikiri waliposoma. Wanafunzi hawakuwa wajinga. Walikuwa hodari katika masomo yao. Lakini walianza neno la kwanza wakaenda mpaka la mwisho, na wengi waliona kitabu cha shule kuwa ndicho cha kuaminiwa. Wanahistoria walitazama kwanza chini ya hati: nani ameandika, lini, na kwa haja gani. Kisha wakaulizia wakati na mahali, kisha wakaiweka hati hii mbele ya ile wazione zinapokubaliana na zinapogombana. Kitabu cha shule, kisicho na jina la shahidi hata mmoja, wao walikitilia shaka. Wahenga wetu walikwisha kusema: akili za kuambiwa, changanya na zako.

Mambo haya matatu yaweza kufundishwa kwa vijana wa kawaida. Avishag Reisman alieleza mwaka 2012 jinsi walimu wa shule tano za San Francisco walivyofundisha hivyo kwa miezi sita: kila somo lilikuwa na swali moja, na hati chache zilizofupishwa na kulainishwa lugha. Wanafunzi wao waliwapita wenzao si katika fikira za historia tu, bali hata katika kushika habari zenyewe na katika kusoma kwa jumla. Hili ni jibu kwa mwalimu aogopaye kwamba maswali yatamla muda wa mtihani.

Sisi hatuna haja ya kuagiza hati kutoka Lexington. Chukua Kilwa. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331, na katika kitabu chake twaambiwa kwamba ulikuwa mzuri sana na kwamba majengo yake yalikuwa ya miti. Lakini pale Kilwa Kisiwani hata leo yapo magofu ya mawe ya Husuni Kubwa, jumba linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyempokea msafiri huyo. Mwulize mwanafunzi: tumwamini nani, kitabu au jiwe? Kabla hajajibu, mwambie kwamba Ibn Battuta hakuandika kwa mkono wake, bali alimsimulia mwandishi huko Moroko, na kazi ikamalizika mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baada ya safari. Mwulize tena kama nyumba za watu wengi na jumba la sultani lazima ziwe za namna moja. Katika dakika arobaini kijana huyo atakuwa ameifanya kazi ya mwanahistoria.

Kisha mpe habari mbili za kuanzishwa kwa mji huo. Ya kwanza ni tarihi ya Kiarabu iliyotungwa katika karne ya 16, ambayo nakala yake kutoka Unguja imehifadhiwa London na ilichapwa mwaka 1895. Hiyo yasimulia majahazi saba. Ya pili imo katika kitabu cha Mreno João de Barros, kilichotoka mwaka 1552. Hiyo yasimulia majahazi mawili. Barros hakufika Kilwa, bali aliandika Lisbon, baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1505 na kuuacha mwaka 1512. Kwa hesabu za tarihi hizi wengi waliuweka mwanzo wa Washirazi katika karne ya 10. Lakini Neville Chittick, aliyechimba magofu na kuzitazama sarafu za shaba, mwaka 1965 alipendekeza mwisho wa karne ya 12. Wengine wamembishia baada yake. Mwanafunzi ajuaye habari hii anajua zaidi ya yule aliyekariri tarehe moja, kwa kuwa anajua pia jinsi tarehe ipatikanavyo.

Limebaki jambo la lugha, nalo si dogo. Katika Tanzania masomo mengi ya sekondari yangali yakifundishwa kwa Kiingereza. Kijana ambaye sentensi yenyewe yamshinda hana nafasi ya kumhoji mwandishi wa sentensi. Hukimbilia kukariri, kwa kuwa kukariri hakuhitaji kuelewa. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara huchagua hati fupi, huisoma kwa sauti, hueleza maneno magumu mapema, na huwaacha wanafunzi wabishane kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa lugha ya mtihani. Kufanya hivyo si kuwadekeza, bali ni kuhakikisha kwamba kinachopimwa ni fikira zao.

Yapo mashaka ya haki dhidi ya njia hii. Yawezekana kijana aliyefundishwa kutilia shaka kila hati akaishia kutoamini lolote, na huo ni ujinga wa namna nyingine. Dawa yake ni kumfundisha kwamba shaka ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake: baada ya kuuliza, lazima alinganishe, na baada ya kulinganisha, lazima aseme lipi lina ushahidi zaidi, ahesabiwe kwa neno lake. Hakimu asiyetoa hukumu si hakimu.

Kutoka Hampton mpaka Kabete, na kutoka Johns Island mpaka Kilwa, twaona kwamba kusoma hakujawahi kuwa kazi isiyo na upande. Waliotaka watu watulie walipunguza maswali. Waliotaka watu wainuke waliyaongeza. Mwalimu wa leo asimamaye mbele ya darasa na kitabu mkononi yumo katika historia hiyo, apende asipende. Kesho atakapofungua ukurasa, kabla ya kuwaambia wanafunzi waanze kusoma, na awaulize kwanza: haya yameandikwa na nani?